Kupunguza ulaji wa mafuta wa sedani kubwa ya zamani barabara kuu

Sedani kubwa ya zamani, yenye injini ya silinda nane ya lita 4.6 na uzito wa kilo 1,700 hivi, ikitembea kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare isiyo na upepo, inahitaji takriban kilowati 15 tu kwenye matairi. Hizo ni nguvu za farasi 20. Injini yenyewe ina uwezo wa zaidi ya farasi 200. Inapozunguka mara 2,000 kwa dakika, msuguano wake wa ndani na kazi ya kuvuta hewa kupitia throtali (kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedeli ya mafuta) iliyobanwa vinakula kiasi cha kilowati 11 nyingine, na hizo hazisukumi gari hata hatua moja. Kwa hiyo kila kilomita unalipia madai mawili: la barabara na la injini yenyewe. Kabla ya kununua kipuri chochote, jiuliza kinapunguza dai lipi. Watu wengi hushughulikia moja tu, kisha hushangaa mbona gari bado linakunywa.

Tuanze na dai la barabara. Ukinzani wa hewa ni nusu ya uzito wa hewa (kilo 1.2 kwa mita ya ujazo), mara kipimo cha umbo kiitwacho Cd, mara eneo la uso wa gari linapotazamwa kutoka mbele, mara mwendo wa mita kwa sekunde uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa gari lenye Cd ya 0.34 na uso wa mita za mraba 2.2, hewa inarudisha nyuma kwa niutoni 220 ukiwa kilomita 80 kwa saa, 350 ukiwa 100, na 500 ukiwa 120. Matairi yenyewe yanadai kama niutoni 180, na kiasi hicho hakibadiliki sana mwendo ukiongezeka. Ndiyo maana umbo la gari halina maana kubwa mjini, ila barabara kuu linabeba theluthi mbili za mzigo. Na ndiyo maana kushuka kutoka 120 hadi 100 kunapunguza kazi ya kila kilomita kwa karibu asilimia 22. Hakuna kipande cha plastiki kitakachokupa hicho. Kama huna nia ya kupunguza mwendo, badilisha gari upendavyo, lakini ujue umeiacha faida kubwa kuliko zote.

Tafuta kwanza Cd ya gari lako, maana magari ya zamani hayafanani. Audi 100 iliyotoka mwaka 1982 ilikuwa na Cd ya 0.30, na sedani nyingi zenye pembe za miaka hiyo zilikuwa zaidi ya 0.40. Mwenye gari la 0.42 ana mengi ya kuvuna kwenye hewa. Mwenye la 0.30 aangalie gia na matairi mapema.

Kabla ya kurekebisha umbo, hakikisha gari ni zima. Gari la miaka ishirini na zaidi mara nyingi limeshapoteza asilimia kadhaa kwa ubovu unaotibika. Thamostati iliyokwama wazi ndiyo ninayoitafuta kwanza: geji ya joto inashuka ukishika kasi na kupanda ukisimama. Injini ikibaki nyuzi 70 badala ya 88 hadi 92, kompyuta inadhani haijapata moto na inaendelea kumwaga mafuta ya ziada, na kwenye magari mengi hairuhusu konveta ya gia boksi (kiungo cha majimaji kati ya injini na gia boksi otomatiki) kujifunga, yaani kuunganisha viwili hivyo bila kuteleza. Sensa ya oksijeni ya kawaida, injini ikiwa na moto, inapaswa kuruka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kusita. Ikichelewa au ikiganda mahali pamoja, ibadilishe. Breki zinazoshika utazijua kwa joto: endesha dakika ishirini barabara iliyo wazi, simama taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu, kisha pima kila rimu kwa kipimajoto cha miale. Gurudumu lenye joto kuliko mwenzake wa upande wa pili lina kaliper iliyokwama au beringi inayokufa. Alaimenti nayo iangaliwe, hasa matairi ya mbele kama yanaangaliana kupita kiasi, kwa sababu tairi linaloburuzwa kwa upande linakula mafuta na kujila lenyewe.

Chujio la hewa lisikupotezee muda. Kwenye injini ya kabureta, chujio chafu linazidisha mafuta kweli. Kwenye injini ya sindano inayosoma sensa ya oksijeni, kompyuta inapima hewa iliyoingia na kutoa mafuta ya kuilingana, kwa hiyo chujio chafu linapunguza nguvu za kuondoka zaidi kuliko linavyoongeza ulaji.

Konveta ya gia boksi ya otomatiki inahitaji jaribio lake. Ukiwa kwenye kilomita 90 kwa saa, gia ya juu kabisa, barabara tupu nyuma yako, shikilia mguu wa mafuta pale pale, kisha gusa pedeli ya breki kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa tu. Konveta iliyojifunga itajifungua na sindano ya mizunguko itaruka kama 200 hadi 300, halafu itarudi ukiachia. Kama haikutikisika, konveta haikuwa imejifunga, na hapo unachoma mafuta kupasha moto oili ya gia boksi. Angalia joto la injini, swichi ya taa za breki na solenoidi (valvu ya umeme) ya konveta kabla ya kulaumu gia boksi nzima.

Gari likishakuwa zima, jipatie kipimo. Kujaza tangi na kugawanya kilomita kunafaa kwa mabadiliko makubwa tu: pampu ikikata lita moja mapema kwenye tangi la lita 50, tayari umekosea asilimia 2, na upepo wa siku hiyo unaweza kukukosesha zaidi. Kwa mabadiliko madogo, tumia jaribio la kuachia gari lijiendee. Tafuta kipande kilekile cha barabara tambarare, asubuhi tulivu, matairi yameshapata moto. Fika 105, weka nyutro, injini ikiendelea kunguruma (usiizime kamwe, breki na sukani vinaitegemea), kisha pima sekunde za kushuka kutoka 100 hadi 80. Rudia kwa kuelekea upande wa pili na uchukue wastani. Halafu pima tena kutoka 60 hadi 40.

Gari tulilolitaja litachukua kama sekunde 21 kushuka kutoka 100 hadi 80, na 36 kutoka 60 hadi 40. Ukipunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia 10, muda wa juu unaongezeka kwa sekunde 1.3, yaani asilimia 6, na ule wa chini asilimia 3 au 4 tu. Ukiweka matairi mepesi zaidi, wa chini ndio unaoruka, asilimia 14 hivi, dhidi ya 8 za juu. Kwa hiyo mapimo mawili yanakuambia faida imetoka wapi. Ila sekunde 1.3 ni kidogo: rudia mara kadhaa kila upande, na ukishapima gari lililobadilishwa, ondoa ulichoweka upime tena siku hiyohiyo. Bila kurudi ulikoanzia, unaweza kuusifu upepo ukidhani unasifu kazi yako.

Matairi sasa. Lebo ya Ulaya inapanga ukinzani wa tairi la gari dogo kwa herufi: A ni niutoni 6.5 au pungufu kwa kila kiloniutoni ya mzigo, C ni 7.8 hadi 9.0, na E ni 10.6 kwenda juu. Kutoka E hadi B, gari la kilo 1,700 linapunguza niutoni hamsini hivi, jambo ambalo kazi nyingi za bodi hazifikii. Soma pia herufi ya mshiko kwenye maji, kwani tairi jepesi kuzunguka lenye mshiko wa E si la kufungwa kwenye gari zito. Upana ukipungua kutoka 225 hadi 205 uso unapungua kidogo, lakini namba ya mzigo iliyo ubavuni isishuke chini ya ile ya kiwandani. Upepo wa ndani ya tairi, ongeza psi (kipimo cha presha) 3 au 4 juu ya ile iliyoandikwa mlangoni, pima tairi likiwa baridi, na usiguse kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Ukizidisha, tairi linalika katikati na umbali wa kusimama kwa dharura unarefuka. Kumbuka joto likishuka nyuzi 5 hadi 6, upepo unapungua kwa psi moja.

Kwenye hewa, anza kwa kuondoa kabla ya kuongeza: keria ya juu ya paa, ngao za kukinga upepo madirishani, antena ndefu. Kisha nenda kwenye grili, kwa sababu magari ya zamani yaliachiwa tundu kubwa kuliko rejeta inavyohitaji barabara kuu. Kabla ya kuziba mbele, ziba nyufa zilizo kati ya bampa na rejeta kwa sponji ngumu au vipande vya mpira, ili hewa yote inayoingia ilazimike kupita kwenye rejeta. Hapo tundu dogo linatosha. Baada ya hapo ziba nusu ya juu ya grili kwa nyuma, kwa plastiki ya milimita 3 iliyofungwa kwa zip tai, au kwa kusukumia mabomba ya sponji ya kufunikia mipira ya AC katikati ya mapengo. Jaribu kwenye mlima mrefu, mchana wa joto, AC ikiwa imewashwa. Geji ikipanda zaidi ya nyuzi 5 au 6 juu ya kawaida yake, toa kipande kimoja. Oili ya gia boksi otomatiki mara nyingi inapozwa ndani ya rejeta hiyohiyo, na ikizidi nyuzi 120 inachakaa haraka. Hata AC ina lake: kondensa ikikosa hewa, presha inapanda na kompresa inaanza kuivuta injini, basi faida yako inatoka kwa mlango mwingine.

Chini ya bampa ya mbele, kipande cha mpira cha milimita 3 au 4 kinachoning'inia kama sketi kinazuia hewa kuingia kwenye fujo ya chini ya gari. Kishushe mpaka usawa wa chuma cha chini kabisa, mara nyingi ni krosmemba (boriti inayokatiza chini ya injini), na usipite hapo. Kikizidi, kinaongeza uso wa gari na kugeuka hasara. Kiwe cha kukunjika, maana kitagonga matuta.

Bamba la kufunika chini ndilo kazi kubwa zaidi na ndilo linaloharibiwa zaidi na papara. Plastiki nyepesi ya mabango, ile yenye matundu ya ndani, unene wa milimita 4, inatosha sehemu za baridi: kutoka bampa hadi krosmemba, na pembeni chini ya milango. Inalainika na kuyeyuka mbele ya joto, kwa hiyo isikaribie eksozi. Pale tumia aluminiamu ya milimita 1, acha nafasi ya sentimita 5 kutoka kwenye bomba, na kataliti (kisafisha moshi kilicho kwenye eksozi) usiifunike kabisa, kwani ganda lake linafika nyuzi mia kadhaa. Funga kwa bolti za M6 zenye washa pana, kila sentimita 15 hadi 20, na washa za mpira chini yake. Bolti yenye washa ndogo inapasua tundu lake kwa mtetemo, bamba linaanza kupiga kelele, na mwisho linang'oka ukiwa mwendo mkali. Ukingo wa mbele wa kila kipande uingie juu ya kilichotangulia ili upepo usipate pa kushika. Hewa ya moto ya injini ilikuwa inatokea chini, basi iachie mlango nyuma ya injini karibu na ukuta wa kabini. Toboa matundu ya maji, na weka kifuniko cha kufunguka chini ya nati ya kumwagia oili na chini ya chujio. Jambo moja halina msamaha: kabla ya kufunika, maliza kila uvujaji wa oili na wa mafuta. Bamba linalokusanya oili karibu na eksozi ni moto unaosubiri siku yake. Likague kila unapomwaga oili.

Vifuniko laini vya magurudumu vinasaidia, hasa pale rimu zina matundu makubwa, ila breki zinapata hewa kidogo. Vitoe ukielekea kwenye miteremko mirefu. Nyuma, usikate wala kugundisha chochote kabla hujaiona hewa yenyewe. Kata nyuzi za sufu za sentimita 10, zibandike kwa utepe kwenye kioo cha nyuma na kifuniko cha buti, kila sentimita 15, kisha mtu apige video kutoka gari la nyuma. Uzi ulionyooka unasema hewa imeshika bodi. Uzi unaozunguka au kuelekea mbele unasema imeachana nayo. Kwenye sedani zenye kioo kilichosimama utaona fujo karibu yote. Ukingo mdogo wa sentimita 2 au 3 mwishoni mwa buti husaidia baadhi ya magari na mengine hausaidii. Utengeneze kwanza kwa kadibodi na utepe, piga video tena, pima sekunde, ndipo uamue.

Sasa tuseme umefanikiwa kupunguza asilimia 10 ya hewa. Mafuta hayatashuka asilimia 10, yatashuka kama 4, kwa kuwa dai la injini halijaguswa. Sasa injini inasukuma mzigo mdogo zaidi kwa mizunguko ileile, throtali imebanwa zaidi, na ufanisi wake umepungua. Dai hilo linapunguzwa na gia.

Chukua Ford Crown Victoria kwa mfano, iliyotoka kiwandani na difu (gia za eksoli ya nyuma) za uwiano tofauti zikiwemo 2.73, 3.27 na 3.55. Tairi la 225/60R16 linakwenda karibu mita 2.06 kwa mzunguko mmoja. Kwenye kilomita 100 kwa saa, na gia ya juu ya 0.70, difu ya 3.55 inaizungusha injini mara 2,010 hivi kwa dakika, na ya 2.73 mara 1,545. Kwa hesabu, tofauti hiyo inaokoa karibu asilimia 8 ya mafuta kwa mwendo uleule, na unapoteza wepesi wa kuondoka tu. Njia rahisi ni kupata eksoli nzima ya nyuma kutoka gari la aina hiyohiyo lenye uwiano unaoutaka, ukilinganisha breki, sensa za ABS na upana. Kubadilisha meno ya ndani peke yake kunahitaji fundi mwenye geji ya saa. Kwenye difu ya Ford ya inchi 8.8 mchezo wa meno ni milimita 0.20 hadi 0.38, na pinioni (gia ndogo inayozungusha ile kubwa) ikikaa kina kisicho sahihi, difu italia kwa mwendo fulani na haitanyamaza mpaka ife.

Pana kikomo. Silinda nane yenye msukumo mkubwa chini inavumilia mizunguko 1,550 kwa dakika. Injini ya silinda sita ya lita 2.5 kwenye gari zito nisingeipeleka chini ya 1,900. Dalili ya kuzidisha ni gia boksi inayoshuka na kupanda kwenye kila kimlima, konveta ikijifunga na kujifungua. Hapo oili inapata moto, na ulichookoa kwenye tambarare kinaliwa kwenye vilima.

Pia kuna mtego wa spidomita. Kama sensa ya mwendo iko kwenye gia boksi, kuondoa 3.55 na kuweka 2.73 kutaifanya isome chini: ukiwa kilomita 100 halisi, geji itaonyesha 77. Ni hatari, na pia odomita itahesabu kilomita pungufu, hivyo hesabu yako ya ulaji itaonyesha gari limekuwa baya zaidi. Badilisha kigia cha spidomita kwenye gia boksi, au kompyuta isahihishwe, kisha thibitisha kwa GPS.

Feni ya rejeta inayoendeshwa na injini kupitia klachi ya majimaji ni ya kukaguliwa kabla ya kung'olewa. Injini ikiwa imezimwa na baridi, izungushe kwa mkono: ikinata kidogo ni nzima, ikiwa ngumu kabisa imekwama na inaiba farasi kadhaa muda wote, na ngurumo yake utaisikia kila ukipandisha mizunguko. Nzima inateleza yenyewe barabara kuu, kwa hiyo kuweka feni ya umeme hakutakupa mengi. Kwa iliyokwama, klachi mpya ni suluhisho rahisi. Ukiamua umeme, feni ya ampea 25 inataka waya wa milimita za mraba 6, rilei na fyuzi ya ampea 40, na swichi ya joto inayowasha kwenye nyuzi 95 na kuzima kwenye 88. Oili ya injini ishike mnato mwepesi zaidi ulioruhusiwa na kitabu cha gari, sio mwepesi kuliko huo, na kwa injini iliyochoka pima presha ya oili ikiwa na moto kabla ya kushuka daraja.

Kupunguza uzito ni kazi ya mwisho barabara kuu. Kutoa kilo 50 kunaondoa niutoni 5 kati ya 530, kwa hiyo tairi la akiba na jeki viacheni ndani. Vioo vya pembeni navyo vibaki, kwa kuwa faida yake ni ndogo na unahitaji kuona nyuma, tena zaidi ukiwa ndiye unayetembea 95 kwenye barabara ya wanaokimbia. Sumaku za kubana kwenye bomba la mafuta na vifaa vya kutengeneza gesi ya maji kwa umeme wa alteneta havina kazi: umeme huo unatoka kwenye mafuta yaleyale, na sehemu yake kubwa inapotea njiani.